Aliyeudhamini Mstafeli

Juzi jirani yangu alibisha hodi akataka kuazima panga. Aliponiona nasita akacheka, akasema si la ugomvi, ni la kuutishia mchungwa wake uliogoma kuzaa, mwaka wa tatu sasa. Akaniomba na mimi nitoke nikauombee, maana kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Nyinyi wa rika langu mliokulia pwani mnaijua. Mmoja anaujia mti na panga, uso umekunjwa, anaugonga mara tatu na kuusimanga kwamba unakula udongo wa watu bure na leo ndiyo mwisho wake. Wa pili anautetea: usiukate, usamehe, mwakani utazaa. Wa kwanza anauliza nani anaudhamini, wa pili anajibu, mimi. Hapo panga linarudishwa ndani na mti unapewa mwaka mwingine. Nilimpa jirani panga, lakini kuuombea mchungwa nikakataa. Nikasingizia goti, nikafunga mlango, nikakaa kitandani mpaka alipomaliza.

Jambo hilo nimelikwepa maisha yangu yote bila kumwambia mtu sababu. Waliohusika wameshatangulia mbele ya haki, na naona sasa si dhambi tena kulisema.

Mimi nililelewa Pongwe na dada yake mama, Bi Mwanaidi, niliyemwita Mama Mkubwa. Mama yangu mzazi alikuwa Muheza na watoto watano. Dada yake alikuwa na mume na nyumba, mtoto hana. Basi nilipoachishwa ziwa nikapelekwa kwake, kama ilivyokuwa desturi. Walisema sauti ya mtoto ndani ya nyumba humwita mwenziwe. Kama niliita, basi sauti yangu haikufika, kwa sababu nilikua mpaka nikaanza kutumwa kisimani na bado nilikuwa peke yangu. Mumewe, Bwana Omari, alikuwa nyapara wa wakata mkonge katika shamba moja la jirani. Mtu mpole, hana kelele, akirudi kazini ananiletea muwa au andazi. Nilimwita Baba na nilimpenda. Nasema hivyo kabisa ili msije mkadhani namsimulia kwa chuki.

Uani, nyuma ya jiko, Mama Mkubwa alikuwa na bustani ambayo majirani waliiita ya vituko. Mchicha na bamia vilikuwepo pembeni, lakini moyo wake ulikuwa kwa mimea isiyozaa kama mingine. Alikuwa na mmea wa majani manene ambao jina lake sikuwahi kulijua. Ukichuma jani lake ukalitundika msumarini kwa uzi, bila udongo wala maji, baada ya siku kadhaa linachipua vitoto pembezoni, kila kimoja na majani yake mawili na vimizizi kama nyuzi. Mama mmoja wa Kishambaa aliyekuwa akiteremka na viazi alimletea jani moja tu la ua la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu. Akalichomeka kwenye mchanga mbichi ndani ya kifuu cha nazi, likatoa mche. Ukuta wetu wa nyuma ulikuwa wa mkonge aliouotesha kwa vitoto vilivyodondoka kutoka juu ya mlingoti, lile shina refu la maua yake. Aliniambia mkonge hutoa mlingoti mara moja katika umri wake, ukajaa vitoto huko juu, vikishamwagika chini mama yao hukauka akiwa amesimama. Alikuwa pia na mpapai dume, na kila aliyeingia uani alimshauri aukate kwa kuwa haukuwa na faida. Yeye hakuukata. Alisema ukiuondoa huo, hata ule wa kike utaangusha maua.

Kwa elimu hiyo, mimi nikajitengenezea yangu. Siku moja tukipalilia nikamuuliza kama na mimi nilitokea pembeni.

"Pembeni ya nini?"

"Pembeni ya jani la mama. Kisha nikadondoka kwako."

Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ehe," akasema. "Ulidondoka, nami nikakuokota." Sikuona cha kuchekesha. Niliamini hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Mti mkubwa kuliko yote uani ulikuwa mstafeli. Ulichanua mpaka kwenye shina, maua manene ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, yenye harufu kali ya tamu iliyovunda kidogo, na jioni harufu hiyo ilijaa hadi jikoni. Maua tele, tunda hakuna. Yaliangukia chini mazima mazima, kuku wakayachezea. Mama Mkubwa akaanza kuutazama mti huo kila siku, asubuhi na alasiri, amepachika mikono kiunoni. Nikamuuliza atazama nini.

"Natazama mlango," akasema. Akanivuta karibu, akapenua ua moja kwa vidole viwili. "Waona hapa katikati kunavyonata? Leo limefunguka, lataka unga. Lakini unga wake wenyewe haujaiva. Kesho unga utaiva utamwagika, na huku kunata kutakuwa kumekauka, mlango umefungwa. Wanapishana kila siku, maskini. Watu wasema mti mbaya, kumbe hakuna wa kuwakutanisha."

Sikuelewa hata nusu. Nilichokiona ni kwamba tangu siku hiyo, kila asubuhi alitoka na kisahani na unyoya wa kuku. Alikung'uta unga wa maua ya jana kwenye kisahani nilichomshikia mimi, kisha akauchovya unyoya na kuupitisha ndani ya maua mapya, taratibu, kama anayempaka mtoto wanja. Mimi nilidhani anayapangusa vumbi. Alikuwa mtu safi kupita kiasi, alifagia mpaka chini ya viota vya kuku wanaotaga, kwa hiyo kupangusa maua hakukunishangaza.

Hapo ndipo alipokuja mavyaa wake kutoka Pangani, Bi Mwanahawa, mama mzazi wa Bwana Omari. Alikuja baada ya mfungo, na kikapu cha samaki wakavu, na hakusema atakaa siku ngapi. Sitaki kumchora kuwa shetani. Alinifunza kusuka ukili na kusoma Fatiha bila kukosea. Lakini alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume duniani, na miaka tisa ya ndoa ya mtoto huyo haikuwa imempa mjukuu, na alikuwa mtu wa kusema lililomkaa rohoni hata kama mdomo umejaa wali.

Ijumaa moja asubuhi akaomba panga. Akauendea mstafeli, akaugonga mara tatu, magome yakaruka.

"Mti gani wewe? Wanywa maji ya watu, wala udongo wa watu, wajipamba maua kila kukicha, na huna hata tunda la kumpa mgonjwa! Leo nakukata, nipande mwingine." Kisha akageuka. "Haya, mkaza mwanangu, uombee."

Mama Mkubwa aliacha ufagio. Akaenda akauwekea mti mkono.

"Usiukate, mama. Mti hauna kosa. Utazaa."

"Nani anaudhamini?"

"Mimi."

Bibi akamtazama kuanzia utosi mpaka kisigino. "Haya," akasema, "mdhamini ndiye wewe." Akarudisha panga jikoni. Nilimwona Mama Mkubwa bado amesimama pale, mkono shinani, na nilidhani anausikiliza mti kama umeelewa.

Mti ukaelewa. Haikupita miezi miwili, vijitunda ambavyo hakuna aliyekuwa ameviona, vilivyoganda shinani kama mbegu za mbaazi, vikaanza kunenepa na kuota miiba yao laini. Nilivihesabu kila siku, vikafika kumi na kimoja. Bibi aliita majirani waje waone. Alipita ua mzima akionyesha kovu la panga, na wanawake wakatikisa vichwa wakasema kweli, vya wazee si vya kuchezea. Mama Mkubwa aliwaletea kahawa. "Mkono wako mzuri, mama," alimwambia mavyaa wake, wala hakuutaja unyoya. Siku hizo sikujua kwamba palikuwa na cha kutajwa.

Adhuhuri moja nilikuwa nimelala kwenye mkeka, au walidhani nimelala. Nyuma ya kiambaza cha makuti Bibi aliongea na mwanawe.

"Mti umesikia, Omari. Mwanamke hajasikia. Mimi sina umri wa kungoja. Ukiandama Rajabu bila dalili, kule Pangani nimeshaona binti, watu wake nawajua. Nyumba yako ni ndogo, wawili hawakai. Huyu arudi kwao Muheza, na mtoto wa watu arudi kwa mamake."

Nilingoja Baba aseme kitu. Akasema, "Haya mama, tutaona."

Mama mzazi nilimjua kwa kumtembelea sikukuu tu. Mtu niliyelala naye, niliyesuguana naye mgongo kwa ndoo moja, alikuwa huyu. Rajabu ilikuwa karibu, kwa sababu nilisikia watu wakiitaja. Nikafikiri kwa akili zangu zote za miaka minane, na nilipopata jibu nilishangaa wakubwa hawakuliona jambo jepesi namna hiyo. Mti ulizaa kwa kuwa ulitishwa na ukadhaminiwa. Mama Mkubwa hakuna aliyewahi kumtisha sawasawa. Walimsema pembeni, walimnunia, walimwachia mafumbo, lakini panga hakuna aliyemshikia. Ilihitajiwa Ijumaa, panga, na mtu wa pili.

Mtu wa pili nikampata: Mwajabu, mtoto wa nyumba ya pili, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, aliyekuwa tayari kufanya lolote ukimpa ukwaju. Nilimfundisha maneno mpaka akayashika.

Ijumaa hiyo alasiri Bibi alikuwa kwenye baraza ya uani na wageni wawili wa kike, wanasuka. Baba alikuwa amerudi kazini, amekaa kwenye kigoda karibu na pipa, suruali ameikunja, anaosha miguu kwa kata. Mama Mkubwa alikuwa ameinama kwenye bamia, mgongo kwetu. Nikalitoa panga jikoni. Lilikuwa zito, nikaliburuta, na mlio wake kwenye mchanga ndio uliowafanya wote wainue macho. Nikamgonga Mama Mkubwa shavu la mguu kwa ubapa, mara tatu, kama nilivyoona.

"Mti gani wewe!" nikapiga kelele, kwa sababu Bibi alipiga kelele. "Wala chakula cha watu, wanywa maji ya watu, wajipamba bure, na huzai! Leo nakukata!"

Mwajabu akaruka mbele akiwa amekunja mikono kifuani. "Mwache! Usimkate! Hana kosa! Mwakani atazaa!"

"Nani anamdhamini?"

Mama Mkubwa alikuwa ameshageuka. Alinitazama mimi kidogo tu, sikuona hasira usoni mwake, nikadhani dawa inaingia. Mmoja wa wageni akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Bibi akaweka ukili mapajani.

"Msimpige," akasema. "Mtoto hana kosa. Amesema walilolinyamazia wakubwa."

Mama Mkubwa hakumtazama Bibi. Alikuwa anamtazama mumewe. Aliweka kikapu cha bamia chini, akasimama wima, mikono ameiachia, akamtazama Bwana Omari, na sote, hata mimi niliyekuwa sijui kitu, tukamgeukia Bwana Omari. Alikuwa ameshika kata juu, maji yanachuruzika. Alifungua mdomo. Kisha akainama, akaendelea kuosha miguu.

"Mimi," akasema Mwajabu, maana zamu yake ilikuwa imefika na hakutaka kukosa ukwaju. "Mimi namdhamini."

Mama Mkubwa akaja akanipokonya panga bila nguvu, akalirudisha mahali pake. Akamaliza kuchuma bamia. Usiku tulikula kama kawaida, na mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha. Siku ya tatu akaomba talaka yake mwenyewe. Bibi ndiye aliyeshtuka kuliko wote. Alikuwa amejiandaa kwa machozi na kwa wazee wa Muheza kuja kuomba radhi, hakujiandaa kumwona mwanamke akiaga majirani nyumba kwa nyumba. Baba aliitoa talaka mbele ya mashahidi, amekaa ameangalia mkeka. Watu wa Pongwe wakasema ana kiburi, mgumba na bado anachagua.

Kwenye basi la Muheza nilikaa mapajani pake na bahasha ya hati ikinichoma mbavuni. Nilijizuia tangu tulipoanza safari, mwisho nikashindwa.

"Mama Mkubwa, nimekukata?"

Aliniwekea kiganja mdomoni, polepole. "Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza, na kwa kuwa hakusema hapana, nikachukua kwamba ni ndiyo.

Habari za Pongwe zilitufuata. Msimu uliofuata mstafeli haukutoa hata tunda moja. Bibi aliutisha Ijumaa baada ya Ijumaa, walisema shina lilijaa makovu kama ubao wa kukatia nyama, wala haukusikia. Yule binti wa Pangani aliolewa na Bwana Omari, akakaa miaka miwili, mitatu, akawa na chumba kizuri na kitanda cha besela, mtoto hakuna. Basi watu wakapata la kusema: Mwanaidi ameifunga nyumba, na mti ameufunga pia, si mnaijua bustani yake ya vituko. Maneno hayo yaliletwa mpaka sokoni Muheza, mbele ya watu, yeye amesimama na kapu lake. Alisema "Mungu anajua" akaendelea kuchagua nyanya. Baadaye aliolewa na mgane mmoja mwenye watoto wakubwa, umri ukiwa umeshakwenda, akawalelea wajukuu. Hakuzaa.

Mimi niliishi na panga lile. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilikuwa naamka nimeshika tumbo nikiamini nitalipishwa. Nilimhudumia Mama Mkubwa kwa bidii ya mtu mwenye hatia, na yeye alipokea kwa upole wa mtu asiyejua hatia yenyewe. Hatukulizungumza hata mara moja, mpaka siku ilipokuja taarifa kwamba Bwana Omari amefariki. Mama Mkubwa alikuwa bibi kizee sasa. Alimsomea dua, akakunja msala, akabaki amekaa. Nami nikaona kama si leo, basi tena. Nikamwambia nisamehe kwa ajili ya lile panga, mimi ndiye niliyekuachisha mume.

Alinishangaa kweli kweli. "Umelibeba hilo mpaka leo? Wewe?"

Ndipo akaniambia. Mwaka wa nne wa ndoa yao alikwenda hospitali Tanga mjini, peke yake, akapimwa mara mbili. Daktari akamwambia hana ila yoyote, amlete mumewe. Alirudi akamwambia Bwana Omari chumbani, mlango umefungwa, kwa adabu. Bwana Omari alilia. Hakwenda kupimwa. Alimshika mikono akamwambia, "Mwanaidi, nisitiri."

"Nikamsitiri," akasema. "Mamake akanisema, nikanyamaza. Majirani wakanisema, nikanyamaza. Na baada ya talaka nikamsitiri vile vile, maana siri ya mtu haiachwi kwa kuwa ndoa imeachwa."

Nikamuuliza, kwa hasira ambayo sikuitarajia, kwa nini siku ile uani hakusema. Ukweli alikuwa nao. Neno moja tu, na Bibi angeshika adabu yake, na yeye angebaki nyumbani kwake na bustani yake.

"Lile lilikuwa la kusemwa na yeye, si na mimi. Wala sikutaka aitoe siri, mwanangu. Nani amtakaye mumewe aaibike mbele ya wageni? Nilitaka aseme 'mwacheni.' Basi. Mwacheni, kisha aendelee kuosha miguu yake. Ningekaa naye mpaka kufa, na mke mwenza juu."

Akaufuata kwa kidole mstari wa msala.

"Nilimngoja. Mtoto wa jirani aliyeng'oka meno ya mbele ndiye alinidhamini."